Gari Linamisi Mlimani

Mji mzima wa Baracoa ulimwita Eudaldo Matos daktari wa magari, naye akaamini. Lakini gari lake mwenyewe, la Kimarekani la mwaka hamsini na tatu, lilikuwa linamisi, injini ikikatakata, wiki ya tatu sasa. Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akalaumu petroli. Mikono yake hakuilaumu hata siku moja.

Asubuhi hiyo presha ya bintiye Odalmis, mjamzito wa miezi minane, ilipanda ghafla. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini. Wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake, Migdalia, wakashika njia ya mlimani kwenda hospitali ya Guantánamo.

Katikati ya mlima, ndani ya ukungu, injini ikakohoa, ikazimika. Korongo lilikuwa hatua tatu tu.

"Mzee, hilo bati lako limekula hadi pete yangu ya ndoa niliyouza kununua vipuri," Migdalia akasema. "Leo linataka na mtoto?"

"Acha nifikiri, mama."

"Fikiri haraka! Anaona maluweluwe."

Eudaldo akawasha tena, injini ikawaka kwa kusuasua. Akashuka, akafungua boneti, akashika tambara, akachomoa nyaya za plagi moja moja kwenye kofia ya distribyuta, ile inayogawia kila plagi umeme wake. Ukichomoa waya na injini isishtuke, mgonjwa yuko hapo. Wa kwanza, ikashtuka. Wa pili, ikashtuka. Wa tatu, wapi! Wa nne, wapi! Wawili kwa mpigo, tena majirani. Basi si plagi. Akainama, akauona: uzi wa cheche ya buluu ukitambaa kutoka tundu hadi tundu, juu ya mstari wa penseli.

Mstari wake. Marehemu baba yake aliandika namba za nyaya kwenye kofia kwa rangi ya kucha. Yeye alipoikosa rangi hiyo, wiki tatu zilizopita, alichukua penseli, akaziandika upya na kuzungushia kila namba kwa madaha. Risasi ya penseli hupitisha umeme, hasa ikilowa ukungu, na hilo alilijua tangu ujana.

"Umeona nini?" Migdalia akauliza.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeliharibu."

"Utaungama Guantánamo! Rekebisha!"

Akazima injini, akasugua kofia kwa ramu ya chupa iliyokuwa chini ya kiti, akaikausha kwa shati lake. Alipowasha, silinda zote sita zikanguruma laini, na safari ikaendelea. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani, akaweza kumsikia bintiye akihema, pumzi fupi fupi.

"Odalmis! Sema na mimi, mwanangu."

Akageuza shingo kumtazama, gari likiingia kona.

"Angalia barabara, baba," Odalmis akasema.