Mikaratusi ya Syauswa kwenye bwawa lililochoka

Saa kumi na mbili asubuhi, Stanislas Syauswa anapiga magoti chini ya ukuta wa udongo wa bwawa, vilimani juu ya Butembo, na kutega bidoni ya lita ishirini penye maji yanayovuja. Kisha anaanza kusali Salamu Maria, polepole, akihesabu kwa vidole.

Ndivyo anavyopima. Kwa miaka ishirini na sita ya ulinzi wa bwawa hili hajawahi kupewa saa. Mwaka jana bidoni ilijaa kwa Salamu Maria ishirini na mbili. Leo imejaa kwa kumi na nne.

Anayakinga maji kwa kiganja na kuyatazama. Bado ni safi. Anashusha pumzi.

"Niko naogopa," anasema mzee huyu wa miaka sitini na moja, bila kuona haya. "Ata camion ikipita kule barabarani, roho inaruka. Najiuliza kama ni mayi inashuka."

Bwawa lilijengwa kabla hajazaliwa. Linajaza mabomba ya mitaa mitatu, na mvua zikizidi ndilo linalozuia mto usiingie majumbani. Mwaka huu, baada ya ahadi nyingi, mradi wa kulikarabati umeanza. Mfereji wa maji ya ziada utapanuliwa, na ukuta utawekewa tabaka za mchanga na kokoto ili maji yapite bila kubeba udongo. Tatizo ni kwamba mashine zimekwama mpakani Kasindi, na mvua kubwa zimebakiza wiki tano.

Kinachomla moyo zaidi ni miti. Katika milima hii, shamba likianza kuporomoka watu hupanda mikaratusi, mizizi ishike udongo. Syauswa alipoajiriwa akafanya hivyohivyo: miche mia moja na arobaini juu ya ukuta, yote kwa mkono wake. Akasifiwa. Watu wakaja kujenga bondeni, na kila aliyeuliza alimjibu ajenge tu, miti imeshika.

Miaka mitatu iliyopita akaja Clémence, injinia aliyehamishwa kutoka Kisangani. Akamweleza kwamba mizizi hutoboa ukuta. Kwa aibu, Syauswa akaikata miti yote kwa siku tatu, kabla hata hajaelekezwa namna ya kung'oa visiki. Sasa visiki vinaoza ndani ya ukuta, na kila mzizi unaooza unaacha njia ya maji.

"Papa Stanislas ni mutu wa kazi, lakini pale alifanya mbio sana," anasema Clémence, ambaye aliwahi kuzipima zile Salamu Maria kwa saa ya simu na kukuta zinapishana kwa sekunde tatu tu. "Mayi ikikuwa safi, tuko na muda. Ikianza kuleta udongo, hapana kungoja miye. Mukimbie."

Bondeni kuna familia mia mbili na kumi. Mojawapo ni ya Joyeuse, binti wa Syauswa, mwenye watoto wanne. Mara tatu baba amemsihi ahamie mlimani kwa shangazi yake hadi kazi iishe. Mara tatu amekataa.

"Si ni weye ulituambia hapa hakuna shida?" Joyeuse anamuuliza baba yake, huku akianika nguo. "Na bajirani beko banasema vile vile. Banasema Papa hawezi kutudanganya."

Syauswa anatazama wajukuu wakicheza kando ya mto, kisha anaondoka bila kunywa chai aliyoandaliwa.

Juma hili alikwenda kwa padri kuomba dakika tano za matangazo, Jumapili baada ya misa. Atasimama mbele ya parokia nzima na kusema kwamba miti ile aliipanda yeye, na kwamba maneno aliyowaambia kwa miaka yote hiyo hayakuwa kweli.

Mkewe, Mariette, anaogopa watu watamchukia.

"Banichukie," anasema Syauswa. "Bale batu beko kule chini baliniamini. Miye nataka baache kuniamini, bahame."