Viatu vya Shemeji

Jamani, mimi na mdomo wangu! Shuleni kwetu, huku chini ya Mlima Meru, nilikuwa nimewatambia wote kwamba gari la moshi nimelipanda mara tatu. Kumbe nilichowahi kupanda ni punda.

Basi dada na mumewe, ambaye ndiye mwalimu wetu wa misheni, wakanichukua niwaongoze. Walikuwa wanakwenda ziwani kwa baba mkubwa, aliyekataa kuibariki ndoa yao kwa kuwa mwalimu hana ng'ombe.

"Nimeshampelekea habari za viatu hivi," shemeji alisema. "Akiviona, atajua ualimu nao ni mali."

Tukatembea siku mbili hadi Moshi, tukalala, na asubuhi tukawa steshini. Shemeji akaninong'oneza, "Tunaingiaje?"

Nikawaza: kwa Bwana Misheni tunavua viatu mlangoni, na gari hili nalo si la Mzungu?

"Vua viatu, shemeji," nikasema kwa madaha. "Ukishuka utavikuta mlangoni."

Tuliposhuka mchana karibu na ziwa, mlango ulikuwapo. Viatu vilibaki Moshi.

Tukavuka ziwa kwa mtumbwi, shemeji miguu mitupu. Ng'ambo, baba mkubwa alitungoja na wazee wenzake.

"Shikamoo, baba," dada akasema.

"Marahaba. Na huyo mume mwenye viatu yuko wapi?"

Shemeji akavizika vidole vya miguu kwenye tope. Dada akanigeukia, macho makali.

"Hebu mwambie baba. Gari la moshi umelipanda mara ngapi?"

"Ukihesabu na leo," nikasema, "mara moja."