Maziwa ya Matanga

Waithera hakuwa mtu wa kupendeka, na hakuna haja ya kumpamba. Miaka kumi na minne alipima maziwa katika kituo cha sosaiti ya wafugaji nje kidogo ya mji wa Bahati, na miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mkulima pole. Mtungi ukiwa na maji, aliurudisha. Maziwa yakiwa yameanza kuchacha, aliyarudisha. Aliwahi kuurudisha hata wa mamake mzazi mbele ya foleni nzima, na mama wa watu akaubeba hadi nyumbani. Watu walimheshimu vile mtu anavyomheshimu mbwa mkali wa jirani.

Njuguna, mmoja wa wakulima hao, alipofariki, majirani walifanya inavyofanywa huko. Mfiwa hakamui. Jirani huingia zizini, hukamua, hubeba mtungi hadi kituoni na kuandikisha maziwa kwa jina la mwenye msiba, mpaka mazishi yapite. Asubuhi ya kwanza ni jirani yake Chepkurui aliyeleta mtungi wa Njuguna. Waithera akapima: hayana maji, hayajachacha. Yakamwagwa kwenye tangi pamoja na ya wakulima wengine mia mbili.

Saa mbili kasoro robo, Wamuyu, mjane wa Njuguna, akaja mbio na leso yake begani. Alimvuta Waithera kando.

"Yule ng'ombe wetu mwekundu alidungwa sindano ya ugonjwa wa kiwele juzi," alisema, akihema. "Njuguna ndiye alikuwa anajua siku za kungoja. Mimi nimekumbuka saa hii. Nimekuambia wewe peke yako."

Ukutani, kwa rangi nyekundu, Waithera mwenyewe alikuwa ameandika kwamba ng'ombe akidungwa, maziwa yake yasiletwe siku tano. Vipimo vya kituo havikuweza kuona dawa. Sosaiti ilitegemea midomo ya watu. Akaenda kumwambia mwenyekiti, Gachanja, mwanamume mwenye tumbo la mikutano na ulimi laini kupita kiasi.

"Waithera, hebu tumia akili," alisema Gachanja. "Mtungi mmoja ndani ya lita elfu tatu. Hiyo dawa itamfanya nani nini? Na ukisema, yote yanamwagwa. Familia mia mbili zinakosa, na jina la mjane linachafuka bwana yake hajazikwa. Weka hao wote upande huu. Upande ule unaweka nani?"

"Sijui. Labda mtoto fulani atakayeyanywa huko Gilgil. Labda hakuna mtu."

"Basi kama hakuna mtu?"

"Bado ni dawa. Na mimi ndiye natia sahihi kwamba hakuna dawa."

"Ni sahihi tu, mama."

"Ni yangu."

Kilichomuudhi ni kwamba hesabu ya Gachanja ilikuwa sawa. Aliirudia mara mbili kichwani akingoja lori la kuchukua maziwa, na mara zote mbili Gachanja alishinda. Alimchukia kwa hilo, na akajichukia yeye mwenyewe kwa kuwa hangeweza kuifuata. Lori lilipoingia, alimwambia dereva. Fomu ya kukataa maziwa ilitaka jina la mkulima. Aliandika Njuguna.

Tangi lilifunguliwa kwenye mtaro wa nyuma ya kituo. Maziwa yalitiririka hadi barabarani, mbwa wakanywa, na wakulima wakasimama kutazama jasho lao likienda. Hakuna aliyemlaumu Chepkurui wala yule marehemu. Walimtazama Waithera. Wamuyu alimsogelea na kusema, "Nilikuambia wewe peke yako," kisha akampa mgongo. Wiki iliyofuata mkutano ulimwondoa kazini na kumweka kijana mpole aitwaye Maxwel. Kanisani, benchi lake likawa lake peke yake.

Mwezi wa nne baada ya hapo, mamake akafariki.

Asubuhi ya kwanza ya msiba alijiambia majirani wamechelewa tu. Ilipofika saa tatu ng'ombe wake alikuwa analia kwa kujaa. Hakuna aliyekuja. Waithera akakunja mikono ya nguo yake nyeusi, akakamua mwenyewe, akabeba mtungi mwenyewe. Alisimama kwenye foleni hadi zamu yake.

"Pole sana mathe," alisema Maxwel kwa sauti ya chini. "Ya leo mwaga tu kwenye tangi. Si lazima nipime."

Lilikuwa neno la kwanza la upole aliloambiwa katika miezi minne. Alitaka kulipokea. Alitaka sana.

"Pima," alisema.

Nyuma yake Wamuyu akafungua mdomo. "Hata leo, Waithera?"

"Hata leo."

Maxwel akapima. Yalikuwa safi. Wamuyu akauvuta mtungi wake nyuma hatua moja, usigusane na ule wa mfiwa.