Turbo ya Gari Jekundu la Bibi

Walisema sitaweza. Mama muuza asali, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisema gari lile litabaki banda la kuku mpaka siku ya mazishi yangu, na kuku wenyewe watakuja kuzika. Vijana wa bodaboda pale kona walisema kufunga turbo ya gari la juzi kwenye injini ya zamani ni kumvalisha babu suruali ya mjukuu. Hata mwalimu wangu wa fizikia, mzee anayenipenda, alivua miwani akaniambia taratibu, "Kijana, liache lipumzike." Haya nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye usukani wa gari hilo hilo, injini bado ya moto, hapa hapa Ng'ambo, Tabora. Wewe rafiki yangu uliyekulia kwenye vumbi kama langu, sogea nikusimulie. Ushindi usio na msikilizaji hauna ladha.

Nilipokuwa mtoto, gari hilo lilikuwa la mfanyabiashara wa nafaka aliyeishi upande wa Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikielekea Ujiji. Lilikuwa la Kijapani, la milango miwili, jekundu kama pilipili iliyoiva. Taa zake zilijificha ndani ya boneti, na giza likianza kuingia zilichomoza kama macho ya chura. Lilikuwa na turbo, na sisi watoto hatukujua turbo ni nini. Tulijua tu kwamba kabla gari halijaonekana ilisikika filimbi nyembamba, fyuuu, kisha vumbi, kisha kuku wanatawanyika.

Bibi aliyenilea alikuwa akianika michembe kwenye mkeka mbele ya nyumba. Vumbi la gari lile liliangukia vile vipande vya viazi vitamu, majirani wakatukana, bibi akacheka. Alivipangusa kimoja kimoja kwa ncha ya khanga huku akilitazama gari likiishia. "Na mimi nitakwenda Bukene kwa dada yangu na hicho kitu," alisema. Nikamjibu kwamba nitampeleka mimi. Kaptula yangu ilikuwa imetoboka makalioni, lakini niliahidi kama mtu mzima.

Dada yake alipokuja kwa treni kutoka Bukene, na kuku kwapani kama kawaida yake, bibi alimsimulia ahadi ile. Yule bibi mdogo alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu? Huyu atakupeleka kwa toroli!" Neno toroli lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Muda si mrefu filimbi ikanyamaza. Turbo ilikufa, fundi wa kuitengeneza hakupatikana, na mwenye gari akalisukumia nyuma ya ghala lake. Kuku wakahamia.

Siku hizo nikitoka shule nilikuwa nakwenda kwa mhunzi, mtaa wa nyuma. Alikuwa akifua majembe, na kazi yangu ilikuwa kuzungusha feni. Usifikirie feni ya umeme. Ilikuwa ringi ya baiskeli iliyosimamishwa kwenye gogo, na mkanda uliokatwa kwenye mpira wa tairi ukizungusha kigurudumu kidogo chenye mapanga ndani ya bati. Upepo ulipita kwenye bomba hadi chini ya mkaa. Ukizungusha polepole, mkaa unanuna. Ukikaza mkono, feni inaanza kuimba, mkaa unakuwa mwekundu, halafu wa machungwa, na mhunzi anapaza sauti, "Zungusha, kijana! Chuma kinaiva!" Hakuna sauti niliyoipenda kama ile. Mikono iliuma, jasho liliingia machoni, na mwisho wa kazi mke wake alinipa michembe ya kuchemsha na karanga, nami nikala nikiwa mweusi kama chungu.

Siku moja feni ilianza kulia kwenye ekseli. Mimi, kwa kutaka sifa, nikachukua mafuta ya karanga ya bibi nikaimiminia yote. Nilipozungusha, feni ilitema mafuta bombani, mafuta yakafika kwenye mkaa, na moshi ulioinuka pale uliwatoa wateja nje wakikohoa na majembe yao mkononi. Mhunzi alitoka mwisho, machozi yakimtiririka.

"Wewe! Unalainisha au unakaanga maandazi?"

"Nalainisha, babu."

"Tone moja! Hiki ni kitu chepesi, kinakwenda mbio, kinataka tone moja. Mafuta mengi mpe mkokoteni!"

Wateja walicheka, nami nikacheka nao, na sikuyawazia tena maneno yale kwa miaka mingi.

Nilikwenda Dar es Salaam, nikafagia gereji, nikalala gereji, nikasoma usiku na kushika spana mchana. Nimerudi na stashahada ya ufundi wa magari, na nasema bila aibu kwamba hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nimeitundika sebuleni kwa bibi, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona.

Siku niliyorudi nilimkuta mlangoni. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Dada yake alikuwa anapoteza nuru ya macho, ukungu unazidi kila mwezi. "Ukichelewa ataligusa tu," bibi alisema. "Nataka alione." Nikamwambia tupande basi tumwone mgonjwa, gari litafuata. Akanitazama kama nimemtukana. "Basi la abiria hata yeye analijua."

Nikalinunua lile gari kwa watoto wa yule mfanyabiashara, nikawahamisha kuku, nikalivuta mpaka uani. Injini yenyewe ilikuwa nzima, nikaifufua. Ugonjwa ulikuwa turbo. Ya aina ile haipatikani tena, lakini nilikuwa nimekuja na turbo ya toleo la baadaye la gari hilo hilo, nimeifunga kwenye shuka ndani ya begi. Kwa asiyejua, turbo ni magurudumu mawili kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha la kwanza, la pili linasukuma hewa ndani ya injini, moto unakuwa mkali. Ndiyo, ni feni ya mhunzi, ila mkono wa mtoto umebadilishwa kwa moshi.

Ya zamani ilifungwa kwa boliti nne, mpya ilitaka tatu, nikatengeneza bamba la chuma la kuziunganisha kwenye jiliwa, kile kibanio kikubwa cha chuma, nililoazima nyumbani kwa mhunzi. Ya zamani ilipozwa na oili peke yake, mpya ilitaka na maji, nikaivutia mpira kutoka kwenye rejeta. Waya mrefu wa umeme niliazima kwa mama muuza asali, aliyenipa huku akisema ataurithi tena mimi nikishafilisika. Drili niliazima kwa mwalimu. Hakuna kitu pale uani ambacho hakikuwa cha kuazima, isipokuwa akili.

Siku ya kuwasha, mtaa mzima ulikuwepo. Bibi alikwishaketi ndani, kitenge kipya, kikapu cha michembe mapajani. Nikawasha. Injini ikanguruma, mimi nikainua mkono kama mshindi, na kwenye ekzosi ukatoka moshi wa bluu mzito kiasi kwamba sikuiona nyumba yetu.

"Bwana Diploma!" mama muuza asali alipiga kelele ndani ya moshi. "Unarina asali leo? Subiri nilete ndoo!"

"Nyuki wote wa Sikonge wamekimbia!" akadakia wa bodaboda.

Bibi alishuka polepole, akikohoa, kikapu mkononi. Hakunigombeza. "Nimepanda, nimeshuka," alisema. "Utaniita." Aliingia ndani akavua kile kitenge, akakikunja. Hapo ndipo iliponiuma.

Niliifungua turbo nikiamini imekufa. Ilikuwa nzima. Ilikuwa imeloa oili, oili safi, tele, inachuruzika. Nikakaa chini na kitambaa mkononi, na harufu ile ya mafuta na moshi ikanirudisha kwa mhunzi, wateja wanakohoa, yeye analia machozi. Tone moja! Turbo ya zamani iliegemea kwenye bushi pana, pete ya chuma isiyo na goroli, ilitaka kuogeshwa oili. Mpya ilizunguka juu ya goroli, nyepesi, ya mbio, nami nilikuwa nimeiachia bomba lile lile la zamani, tundu zima. Niliimiminia kama nilivyoimiminia feni.

Nilicheka peke yangu, rafiki yangu. Nikaenda kwa mhunzi nikaomba kipande cha shaba, nikakibana kwenye jiliwa, nikakipiga tupa kikawa kizibo, nikakitoboa kwa ncha nyembamba kuliko zote za drili ya mwalimu. Nikakipachika kwenye bomba la oili. Nikawasha. Moshi uliobaki ukatoka, ukapungua, ukaisha. Nikakanyaga mafuta, na ile filimbi ya utotoni ikatoka kwenye boneti, fyuuu, na kuku wa jirani wakatawanyika kama zamani.

Sikuhitaji kumwita bibi. Alikuwa mlangoni, amevaa kitenge.

Tuliteleza kwenye lami mpaka Nzega, kisha tukala vumbi mpaka Bukene, dirisha la bibi likiwa wazi njia nzima. Dada yake aliisikia filimbi kabla hatujafika, akatoka nje, kiganja juu ya macho. Alilikaribia gari mpaka pua ikakaribia kugusa bati. "Jekundu," alisema. "Nyekundu bado naiona." Bibi akamfungulia mlango bila kushuka.

"Toroli ndilo hili, mdogo wangu. Zamu yako."

Jumamosi iliyofuata nilirudisha vitu vya watu, vimefutwa, vinang'aa, na kila aliyeniazima nilimlipa kwa kumzungusha kwenye njia ya Kwihara. Mama muuza asali alipiga kelele, "Punguza! Hapana, ongeza!" Mwalimu aliniuliza maswali ya mgandamizo wa hewa, halafu akavua miwani, anatabasamu.

Mhunzi nilimweka mwisho. Hafui tena. Majembe yanatoka kiwandani yamepakwa rangi, na pale ilipokuwa karakana yake pana kibanda cha kava za simu. Gogo halipo, ringi haipo, yule mama aliyenipa michembe ametangulia. Watoto wa mtaa ule hawajawahi kusikia feni ikiimba, wala hawajui mkaa unanuna vipi. Hilo sina stashahada ya kulirudisha.

Mhunzi alikaa kando yangu, viganja juu ya magoti, viganja vile vilivyokomaa. Njia ilikuwa nyeupe mbele yetu. Nikakanyaga, turbo ikaanza kupanda sauti, na yule mzee akainuka kwenye kiti, akapiga dashibodi kwa ngumi.

"Zungusha, kijana! Chuma kinaiva!"

Nikazungusha.