Taa Isiyozimika Chumbani kwa Mama

Mashine yetu ya Luku ilikuwa na tabia mbaya. Unaweka umeme Jumatatu, unajisemea haba na haba hujaza kibaba, Alhamisi inaanza kulia pii, pii, pii, kama vile hukuweka kitu. Nimeigombeza ile mashine mbele ya watu. Mama yangu akawa anacheka, ananiambia, "Mwanangu, hiyo haina masikio, wewe zima taa."

Lakini tungezima vipi? Tunaishi Mchafukoge, hapa Dar, ghorofa ya tatu, mimi binti yake na yeye tu, tangu alipokuja kutoka Kilimanjaro baada ya baba kufariki. Chumba chake hakina dirisha. Zamani kilikuwa kipande cha sebule, mwenye nyumba akakigawa kwa mbao, akaita fundi wa mtaani avute waya na kuweka swichi, ikawa chumba. Ghorofa zetu nyingi ziko hivyo. Humo ndani saa sita ya mchana na saa sita ya usiku ni mamoja, taa inawaka kutwa. Na zilikuwa zile balbu za zamani za njano, zenye joto la kuchemshia yai.

Ndipo nikaamua kuhamia taa za LED, nyumba nzima. Nilizinunua duka la vifaa vya umeme lililo jirani na fremu yangu ya kuuzia mabeseni na ndoo, upande wa Gerezani. Mwenye duka ni mzee wa Kiarabu, ukoo wao upo mtaa ule tangu sijazaliwa. Alizijaribu moja moja kwenye holda, kile kishikio cha balbu, ya pale kaunta, kama wanavyofanya wenzake wote, zikawaka.

"Umeona kwa macho yako," akasema. "Ikishavuka mlango hairudi."

Nikazipandisha nyumbani, nikazifunga mwenyewe nikiwa juu ya stuli ya plastiki. Weee, nyumba ikawa nyeupe! Mama akasema sasa anamwona hata sisimizi anapokwenda. Tulifurahi kama watu waliohamia nyumba mpya.

Mchana ule mama akataka kujinyoosha kidogo, akazima taa ya chumbani kwake. Taa haikuzimika.

Haikuwa imewaka sawasawa, wala haikuwa imekufa. Ilibaki na kimwanga cheupe, hafifu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Nilibonyeza swichi juu, chini, juu, chini. Kimwanga kipo. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda chake cha chuma, mikono mapajani, anaitazama.

"Nani anaiwasha?"

"Hakuna mtu, mama. Ni upya wake tu."

"Mbona za sebuleni zinazimika?"

Jirani yetu wa korido, mama mtu mzima, alikuja kuona. Akasoma dua, akaondoka bila kumaliza chai yake, na kuondoka kule kulinitia hofu kuliko taa yenyewe. Kuanzia siku ile mama akawa analala na Biblia chini ya mto. Aliniambia kuna kitu mle. Nilimtania: majini ya siku hizi nayo yamehamia LED, yanabana matumizi? Nilikuwa natania kwa mdomo tu. Jioni nikipita mlangoni kwake nilipita upesi, wala sikutazama juu.

Ikafika Jumamosi. Mama yangu amekulia kwenye taa ya chemli. Kwao, Jumamosi kioo cha chemli kinashushwa na kuoshwa masizi, na pale unapokaa utambi panafutwa kwa kitambaa chenye maji, ili Jumapili ikute nyumba safi. Alipokuja mjini kazi hiyo akaihamishia kwenye balbu. Vumbi la Kariakoo linapanda hata ghorofa ya tatu, kwa hiyo hakukosa sababu. Alikuwa anasimama kitandani juu ya godoro, anashusha balbu, anaifuta, kisha anaingiza kitambaa ndani ya holda na kukizungusha. Nilishamzoea hivyo. Hata siku moja sikuwahi kufikiri kwamba holda si chemli.

Asubuhi hiyo nilimwacha anaburuta godoro kwenda kulianika barazani.

"Leo naosha chumba chote kwa sabuni, mpaka hiyo taa," akasema. "Kama kuna kitu, kitoke."

Nikamwambia haya mama, kazi njema, nikashuka zangu.

Dukani kwangu sikukaa sana. Nilikuwa na hasira na ile taa, nikaona niende nikaimwage kwa aliyeniuzia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo zinatoka?"

"Achana na ndoo. Umeniuzia taa gani isiyozimika? Mama yangu halali!"

Akacheka. Akasema watu wote wanarudisha taa isiyowaka, mimi ndiye wa kwanza kurudisha inayowaka sana. Wateja wakacheka naye. Nikamweleza kwa ukali jinsi kile kimwanga kinavyobaki ukishazima, na kwamba ni chumba kile kimoja tu. Hapo kicheko kikamtoka usoni.

"Chumba hicho waya alivuta nani?"

"Fundi wa mwenye nyumba. Walipogawa sebule."

"Basi swichi ameiweka kwenye waya usio wa moto, badala ya ule unaoleta umeme. Taa yangu ni nzima. Unapozima, umeme haukatiki, unabaki pale pale juu, ndani ya holda. Balbu ya zamani ilikuwa haikwambii. Hii inakwambia. Mtu asiingize mkono mle mpaka nije na testa nipime, umenisikia?"

Nilimsikia. Nikaliona akilini godoro, lililokuwa likimkinga Jumamosi zote, liko barazani, nikaiona sakafu imejaa maji ya sabuni, na kitanda ni chuma kitupu. Nikampigia mama. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita. Mama akiwa na kazi huiacha simu jikoni, ndani ya kikapu cha vitunguu.

Nikakimbia. Kariakoo mtu hakimbii; anayekimbia ni mwizi au anamkimbiza mwizi. Wakaanza kupiga kelele "Huyo! Huyo!" na mmoja akanishika gauni, likachanika begani, sikujali. Nilivuka barabara ya mabasi ya mwendokasi bila kutazama pande zote mbili, dereva akanipigia honi na kunitukana. Nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti, katikati ya watu, mama asiwe amefika kwenye taa, aanze na sakafu, aanze na kuta, aende hata msalani. Nilikuwa naogopa mpaka meno yanagongana, kwenye jua lile la Dar. Ngazi za ghorofa tatu sikumbuki nilizipandaje.

Maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa chumba chake, ulioachwa nusu wazi ili taa ya sebuleni imulike ndani. Nikausukuma.

Mama alikuwa amesimama peku juu ya vyuma vya kitanda, kanga imelowa mpaka magotini. Taa ameshaishusha, ameilaza kwenye kiti. Mkono mmoja umeshika nguzo ya kitanda, wa pili uko juu, na kitambaa kinachuruzika maji. Ilibaki kama upana wa kiganja kifike kwenye holda.

"Usiguse! Mama, usiguse! Shuka!"

Mkono ukasimama.

"Kha! Umepagawa? Si nimezima? Tazama swichi."

Nilikimbilia swichi kubwa ya mlangoni, ya kukata umeme wote, nikaishusha, chumba kikawa giza, nikarudi nikipapasa mpaka nikaishika miguu yake. Ilikuwa ya baridi, inateleza kwa sabuni. Nikalia palepale, nimeikumbatia, naye ananipiga kofi dogo dogo kichwani akiniuliza nani amekufa.

Baadaye kidogo tukasikia mtu anahema kwenye ngazi. Ni yule mzee, ameacha duka Jumamosi, siku ya wateja, testa mkononi, ile bisibisi inayowaka kitaa ikigusa umeme. Akaturudisha nyuma, akakausha sakafu kwa gunia, akapanda kwenye stuli ya plastiki. Akaniambia niwashe swichi kubwa, ila ile ya chumbani niiache vilevile, imezimwa. Akaingiza testa kwenye holda tupu.

Testa ikawaka nyekundu.

Mama akaitazama. Akaenda ukutani, akaibonyeza swichi kwa uangalifu, juu, halafu chini. Testa haikubadilika. Akakitazama kitanda, akaitazama mikono yake mwenyewe, kisha akamgeukia yule mzee.

"Mimi kila Jumamosi nazima kwanza ndipo napanda," akasema taratibu. "Sasa siku zote hizo nilikuwa nazima nini?"