Ubishi wa Conjesta na Njia ya Ng'ombe

Wengine huzaliwa na sauti ya kuimba. Conjesta alizaliwa na la kujibu. Alimshinda padri kwenye jina la ubatizo la bintiye, ndiyo maana mtoto anaitwa Happy mpaka leo. Sokoni Tunduma alibishana na mnunuzi wa ufuta kutoka Nakonde, upande wa Zambia, mpaka yule bwana, kwa kuzidiwa, akakimbilia lugha yake ya Kibemba. Conjesta akamfuata humohumo na kumbana huko. Mumewe, Severini, mtu mpole wa kumwonea huruma, alikwishazoea kukubali kabla hajaulizwa.

Basi wanakijiji wa bondeni kule Momba walipoambiwa wachague wakulima wa kuingia kwenye kikundi cha mazungumzo ya amani, hawakupoteza muda. "Conjesta!" wakasema kwa sauti moja. Usidhani walitafuta mpatanishi. Walitafuta jogoo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa maji. Mabwawa ya juu yakikauka kabla ufuta haujavunwa, ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma hukata katikati ya mashamba kwenda mtoni. Msimu uliopita vijana walitoleana fimbo na mapanga, na safari hii kila mtu alijua kwamba pasipopatikana njia, atazikwa mtu. Shamba la Conjesta, alilorithi kwa mama yake, lilikaa katikati kabisa, kati ya malisho na mto. Alikuwa ameapa kwamba ng'ombe wa mtu hakanyagi pale maadamu yeye anapumua.

Kikundi kilikutana kwenye ofisi ya kijiji, wakulima benchi hili, wafugaji benchi lile, na katikati Fanuel, kijana mwezeshaji aliyetoka Chitete na pikipiki yake. Mkutano wa kwanza watu walikohoa tu. Wa pili walitukanana vizuri sana. Wa tatu, Fanuel akaja na lake jipya.

"Leo tunabadilishana mabenchi," akasema. "Mfugaji atakuwa mkulima, mkulima atakuwa mfugaji. Kila mtu autetee upande aliokalia kwa nguvu zote."

Mzee Bugalama, mwenye kundi kubwa kuliko wote, akahamia benchi la wakulima, akavua kofia, akashika kiuno kama Conjesta anavyoshika. "Jamani shamba langu!" akalia. "Ng'ombe wamekula ufuta, wamekula na jembe!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Conjesta damu ikamchemka. Akanyakua fimbo ya mzee, akailaza mabegani kichungaji, mikono ikaning'inia juu yake.

"Wewe mama mwenye shamba," akasema kwa sauti nzito ya Bugalama. "Unasema nisipite. Haya, ng'ombe wangu wanywe nini? Mate yako?"

"Wazungushe kule darajani," akajibu Bugalama.

"Darajani! Ndama atafika huko akiwa nyama choma."

"Basi uza ng'ombe."

"Kwa nini nisikwambie wewe uuze shamba? Mifugo ndiyo mahari ya wanangu, ndiyo ada ya shule, ndiyo dawa nikiugua. Unaniambia niuze kama vile nafuga panya!"

Wafugaji wakaanza kupiga makofi. Makofi yakampanda kichwani. Akasogea, akamnyooshea Bugalama kidole.

"Na hilo shamba lako tunalijua. Upande wa kusini ni mawe matupu, ufuta wenyewe unakataa kuota, kila mwaka unavuna magugu. Nipe ukanda huo tu, niuwekee uzio wa miiba huku na huku, ng'ombe wangu wasiguse jani. Utapungukiwa nini? Nijibu!"

Bugalama akairudisha kofia yake kichwani, kama aliyekubali kushindwa. Ofisi nzima ikalipuka kwa vigelegele, na Conjesta akainua fimbo juu, mshindi.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Watu walikuwa wanamtazama.

"Mama Happy," Fanuel akauliza taratibu, "huo ukanda wa mawe upo kweli?"

Hapo ndipo Conjesta alipojiona amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Angeweza kusema haupo, yalikuwa maneno ya mchezo. Lakini akisema haupo, basi hoja yake ilikuwa ya uongo, na Bugalama atakuwa ameshinda. Tena mawe yale aliyajua miaka yote. Alikuwa akipalilia mpaka pale, anageuka, anarudi, na hakuwahi kumwambia mtu. Aliona aibu, akamkumbuka na mama yake, roho ikamuuma.

"Upo," akasema.

Waliupima ukanda ule pamoja, wakulima na wafugaji, na Bugalama akaleta miiba pamoja na wanawe kama ilivyosemwa. Siku kundi la kwanza lilipopita kwenda mtoni, Conjesta alisimama kando, mikono kifuani. Machozi yalimlenga, akasingizia vumbi. Hakuna jani lililoguswa, na hilo nalo lilimkera, maana alikuja tayari kugomba.

Bugalama akasimama mbele yake, akavua kofia. "Asante sana, Mama Happy."

"Usinishukuru mimi, mzee," Conjesta akajibu. "Mimi nilikataa na bado nakataa. Kamshukuru yule mfugaji aliyenishinda."