Likwata Alipowakaribisha Nyani Shambani

Kaka yangu Likwata alikuwa na miguu mirefu mpaka akichuchumaa magoti yanampita masikio. Kama naongopa, waulize watu wa Kitomanga. Alimtaka Adija, binti Mzee Fakihi, na enzi zetu mchumba huwatumikia wakwe shambani msimu mzima ndipo apewe mke. Nao ulikuwa mwaka ule wa njaa baada ya Maji Maji, Wadachi wameshatuchomea maghala. Fakihi akampandisha kwenye dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba.

"Linda mtama huu. Tukiuvuna, Adija wako. Ukiliwa na nyani, rudi kwa mama yako."

Kazi ndogo! Ila Likwata alipanda na kiko cha bangi, eti kimwondolee uchovu. Alianza asubuhi tu, ikawa kutwa. Ukimtuma maji, anarudi kukuuliza ulimtuma nini. Moyo ukawa unamwenda mbio, kila kisiki anakiona askari. Kimoja alikipigia saluti tangu adhuhuri hadi alasiri. Na kifua sasa! Alikohoa "Hoo! Hoo!" mpaka njiwa wa Lindi wakahama.

Basi nyani nao huitana vivyo hivyo. Wakadhani jumbe wao anawaita karamuni, wakaja ukoo mzima, wazee mbele. Likwata akawaona wageni wa harusi yake.

"Karibuni, mashemeji! Kuleni, msione haya!"

Robo ya shamba ikaenda. Fakihi akatokea.

"Mkwe wangu, hawa ni ndugu zako wa kwa baba au wa kwa mama?"

Likwata akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, wakaja nyani watatu zaidi.

"Shuka," mzee akasema. "Nenda kwenu."

Adija akaingilia. "Baba, robo tatu bado imesimama. Nitalinda mimi, yeye apalilie. Nikimwona na kiko, namfukuza mwenyewe. Umesikia, we mlingoti?"

Likwata akakitupa kiko mtoni. Wiki tatu hakupata usingizi, jasho likimtoka, akinuna hata akisalimiwa na mbuzi. Kisha akili ikamrudia taratibu, na mtama ukavunwa. Fakihi akatoa binti.

Kifua tu ndicho hakikupona sawasawa. Siku ya harusi bwana alicheza ngoma mizunguko miwili, akakaa chini anahema. Adija akamfunika kanga mabegani, akarudi uwanjani kucheza zamu yake na ya mumewe.